Mgeni wa Kariokor

Dada unayehamia Nairobi kutoka pwani, usiogope Kariokor. Jina lake, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Walichukuliwa makwao kwa maelfu, wengi hawakurudi.

Chukua sweta, kwani Julai huku ni baridi. Vikapu vya mkonge na viatu vya ngozi vimejaa sokoni. Msikiti wa Riyadha, Pumwani, hauko mbali. Lakini kwanza bisha hodi kwa jirani. Makaburi ya Waislamu yamo papa hapa Kariokor, na siku ya msiba jirani atafika kabla ndugu zako hawajashuka basi la Mombasa.