Baiti kumi na sita

Mwaka 2005, katika kibanda chetu cha kutengeneza kompyuta karibu na Mtaa wa Oginga Odinga hapa Kisumu, kompyuta mpya ilikuwa mtumba kutoka Uingereza wenye diski ya gigabaiti 20. Mteja mmoja, mwenye duka, alitaka Windows 98, kwani programu yake ya hesabu haikukubali kwingine. Wanawe walitaka XP. Mashine ya pili hakuwa na uwezo wa kuinunua, basi tuligawa diski.

Nilianza na FDISK, iliyokaa kwenye disketi. Ilijua kukata, kusogeza haikujua: ukitaka kubadili mpaka, unafuta sehemu nzima na vyote vilivyomo. Mipaka hiyo, nilikuja kujifunza, imeandikwa katika baiti 64 tu za sekta ya kwanza: nafasi nne, kila moja baiti 16. Ndiyo sababu sehemu kuu hazikuweza kuzidi nne. Ni kama ua wa miti ya ojuok kuzunguka boma. Ukiung'oa, ardhi ipo palepale lakini hakuna ajuaye ya nani.

Tulipanga 98 kwanza, XP ifuate, Linux mwisho, maana kila Windows iliandika upya sekta ile bila kumjali mpangaji mwingine. CD za Ubuntu, Linux tuliyoitumia, zilitufikia bure kwa posta, na programu yake ya kuwashia, GRUB, ilimwekea mteja orodha ya kuchagua kila alipowasha mashine.

Kisha nikapata PartitionMagic, iliyosogeza mpaka data ikiwa ndani. Niliipenda mno. Jioni moja nilikuwa nikipanua sehemu ya mwalimu mmoja, mvua ya ziwani ikashuka, stima ikapotea. Mitihani aliyotunga kwa miaka sita ilikwama katikati ya safari. Asubuhi alikaa kwenye stuli yetu kimya, kisha akasema, "Wuoda, jaribu tena." Nilijaribu siku tatu, nikaokoa theluthi. Tangu siku hiyo sigusi diski ya mtu kabla sijainakili.

Siku hizi mpangilio mpya wa diski, GPT, kwa kawaida hubeba sehemu 128, na vijana huendesha mfumo wa pili ndani ya wa kwanza kama programu nyingine yoyote. Ni nafuu kubwa, nami nashukuru.

Juzi familia moja ilileta mashine kuukuu kutoka Dunga. Fundi mwingine alishasema diski ni tupu. Niliinakili, nikafungua sekta ya kwanza: nafasi ya pili ilikuwa sufuri tupu. Programu ya TestDisk ikatafuta mwanzo wa sehemu ile hadi ikaupata, nikairudishia baiti zake 16. Picha za mazishi ya babu yao zikafunguka, moja baada ya nyingine.