Simu ilibaki kwa kiatu

Wasee, wiki hii hakuna video. Tulieni, mtasoma.

Hapa Eldoret kila mtaa una mtu aliyewahi kukimbia nje. Wale wa London na Boston mnawajua. Kuna wengine walienda Japani kukimbia ekiden, ile mbio ya barabarani ya kupokezana mkanda, wakiwa wameajiriwa na timu za makampuni. Mmoja ni jirani yetu Kapsoya. Alirudi na goti bovu, Kijapani cha kutosha na sanduku la vyombo vya chai. Jumamosi akaniita: "Kuja, lakini simu itabaki kwa kiatu."

Kwa kiatu, manze! Na mimi nakula kwa hiyo simu. Akanieleza kwamba vyumba vya hiyo chai huwa na mlango mdogo, unaingia umeinama, na samurai alikuwa anaacha upanga nje. Wanasema aliyeanzisha huo mlango ni Sen no Rikyū, mzee wa chai aliyefariki 1591. Sasa kama samurai aliacha upanga, mimi na Tecno yangu ni nani?

Nikapiga magoti kwa mkeka. Yeye akakalia stuli kwa sababu ya goti. Kitu kitamu huja kwanza, na yake ilikuwa kashata ya njugu ya sokoni. Halafu akafuta bakuli polepole, akaweka unga wa matcha na maji ya moto yaliyoachwa yapoe kidogo, akapiga kwa kifagio cha mwanzi mpaka povu. Hakuna mtu anaongea. Boda ikipita nje unaisikia mpaka ipotee. Ukipewa bakuli unainama, unalizungusha kidogo ili usinywee upande wake wa mbele, ule mzuri, halafu unamaliza yote. Ni chungu, inanukia kama nyasi mbichi, na utamu ni ule tu wa kashata uliobaki mdomoni. Maziwa usiulize.

Nikamuuliza huu ni mti gani. Akacheka. "Si ni ule wa mamako."

Ni kweli, ni mmea uleule. Tofauti ni kwamba wao huufunika kivuli wiki kadhaa kabla ya kuchuma, majani yanapigwa mvuke, yanakaushwa na kusagwa kwa jiwe. Yetu yanakatwakatwa na mashine, yanaachwa yageuke rangi, yanasafiri. Kenya inauza nje chai nyeusi kuliko nchi yoyote, na mimi mtoto wa Nandi Hills sijawahi kukaa chini nikaionja bila sukari.

Na msiniambie utulivu wa kinywaji ni mambo ya wageni. Mwanariadha akitua hapa uwanja wa ndege, si anapewa mursik kwa kibuyu, na watu wanangoja anywe?

Bonasi ya majani ya mamangu ndiyo ilikuwa karo yangu. Iliposhuka, nikatoka chuo mwaka wa pili. Tangu hapo nikienda nyumbani ananimiminia chai kutoka kwa thamosi, anarudi shambani. Hatujawahi kuongea hiyo story.

Jirani amekubali kuniazima kile kifagio na unga wa bakuli mbili. Naenda Jumapili. Mama nimemwambia tu achemshe maji, na asiweke maziwa. Ameuliza kama niko mgonjwa.