Mbuzi wa Ukutani

Fundi alianza na uzi. Alipigilia misumari miwili ukutani, mmoja kila upande, akafunga uzi uliopakwa chaki, akauvuta katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Mstari mweupe ukabaki, umenyooka kuliko ukuta wenyewe. Akarudia chini yake. Maneno yangekaa kati ya mistari hiyo miwili. Ilikuwa saa mbili asubuhi, Kasese mjini, na mwenye banda la muchomo, kama nyama choma inavyoitwa huku, alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, akitazama kwa wasiwasi wa mtu aliyekwisha kulipa nusu.

Mimi nilikuwa natafuta chai. Nikakaa pale hadi saa sita.

Nina miaka 26 na riziki yangu ni ubunifu wa grafiki: nembo, mabango, kadi za harusi, vifungashio vya kahawa na unga. Kazi yangu naifanyia Mwanza, kwenye chumba chenye pazia, mbele ya kompyuta. Magharibi mwa Uganda nilifika kwa kumsindikiza rafiki anayefuata vitenge mpakani, lakini nilikuwa na shauri langu mwenyewe. Nilitaka kuona watu wanaandikaje mahali ambapo jua ni kali, vumbi halikosi na msomaji yuko juu ya bodaboda.

Fundi hakuwa na rula. Alipima kwa kiganja. Neno lilikuwa MUCHOMO, na kila M ilipewa kiganja na nusu, nyingine kiganja kimoja. Alipofika kwenye O nikaona tumbo la herufi limevuka mstari wa chaki juu na chini, kidogo tu, upana wa ukucha. Nikadhani mkono umeteleza. O ya pili nayo ikavuka vilevile. Nikamuuliza.

"Ikibaki ndani ya mstari inaonekana ina njaa," akasema, kwa Kiswahili alichokiokota Kasindi, ng'ambo ya mpaka.

Ni kweli tupu. Herufi ya mviringo ikilingana kwa kipimo na herufi iliyosimama wima, jicho huiona ndogo. Lazima izidishwe ndipo ionekane sawa. Wanaochonga fonti za kompyuta hufanya hivyohivyo. Mimi nilijifunza jambo hilo kwenye kitabu chenye michoro na vishale. Yeye amelijua kwa kuvuka barabara.

Maana hicho ndicho alichokuwa akifanya. Kila baada ya herufi mbili aliweka burashi juu ya kopo, akasubiri bodaboda zipite, akavuka hadi upande wa pili, akageuka na kukaza macho. Kisha akarudi kurekebisha. Mimi nikiwa kazini huikuza picha kwenye skrini mara nne ili nione ukingo wa herufi. Yeye huikimbia kazi yake ili aione.

Mwaka jana nilitengeneza bango la kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Nilitumia herufi nyembamba za rangi ya kijivu juu ya weupe, na nafasi kubwa tupu pande zote, mtindo niliouona kwenye simu nikaupenda sana. Likatundikwa mlangoni, juani. Siku ya pili mwenyekiti wao akanipigia. "Mwanangu, bango lako ni zuri, ila halisemi." Nililifanya upya bila malipo, lakini sentensi ile haijanitoka. Na pale Kasese, kwenye bonde lenye joto chini ya milima ya Rwenzori, nilielewa kwa macho alichokuwa akinieleza. Mwanga wa saa tano unakula kila kitu chepesi. Kijivu changu kingeyeyuka kabla ya chai kupoa. Kilichobaki ukutani ni herufi nene nyekundu, zenye kivuli cheusi upande wa kulia na chini, kivuli kilekile kwa kila herufi.

Rangi yake ni ya mafuta, ile ya kopo inayouzwa dukani kwa kupaka milango. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za namna hiyohiyo, juu ya vipande vya mbao za dari. Na huko Kinshasa, Chéri Samba, ambaye leo picha zake zimo kwenye majumba makubwa ya sanaa Ulaya, alianza kwa kuchora mabango ya barabarani, na maneno ya bango hayakumwacha hata alipoingia kwenye turubai. Nawataja hawa kwa sababu katika fani yetu tumezoea kumwona mwandishi wa kuta kama mtu wa jana, aliyesahauliwa na mashine. Mimi simwoni hivyo tena.

Mwisho akachora mbuzi, bila kielelezo. Alianza na mgongo, mstari mmoja mrefu, akashuka miguuni, kisha akachukua burashi ndogo kwa ajili ya ndevu. Jicho aliliwekea tone jeupe. Mbuzi akaamka, akatazama barabara kama anayemngoja mtu. Mwenye banda akafungua mikono.

Kuna jambo la Kasese lililoniuma. Mtaa baada ya mtaa, kuta ni njano ya MTN au nyekundu ya Airtel, kampuni za simu, kuanzia msingi hadi paa. Duka linapata rangi mpya, na jina la mwenye duka linabanwa kwenye kona. Sizilaumu rangi hizo. Zinaonekana, na mtu mwenye shida ya kutoa pesa hapotei. Lakini mtaa unapoteza sura za wenyewe. Saluni, duka la dawa na fundi viatu wote wanavaa shati moja.

Ningesifu alama moja tu ya pamoja, nayo ni ya taksi. Uganda taksi ni yale magari madogo ya abiria tunayoyaita daladala, na yote ni meupe yenye mkanda wa miraba ya buluu ubavuni. Asiyejua kusoma anaitambua, mgeni anaitambua, na hata gari likichakaa mkanda unabaki. Nimetengeneza nembo nyingi ambazo hazina nguvu ya miraba ile.

Tulipanda mojawapo kuelekea Bwera siku iliyofuata. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956, ikifuata shaba ya mgodi wa Kilembe, siku hizi haina treni, kwa hiyo kila kitu kinapita barabarani: pamba, kahawa, saruji, sisi. Karibu na Kikorongo kuna alama ya Ikweta, duara jeupe la saruji ambalo watu husimama ndani yake wakapigwa picha. Muda wote nilikuwa natafuta theluji upande wa kulia. Kilele cha Margherita, cha milima ya Rwenzori, kina mita 5,109 na wingu lake halikutoka siku hiyo.

Bwera ni mji wa mteremko, wenye kelele za mpakani. Nilikaa kwa muda kwenye duka la vifaa vya ofisini, kompyuta moja, printa mbili, na kijana wa rika langu anayetengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Tulizungumza lugha ya kazi mara moja. Wateja wake, kama wangu, husema "jaza, usiache nafasi tupu", na yeye ameacha kuwabishia. Anasema mtu aliyelipia karatasi nzima anataka karatasi nzima, na kazi yake ni kuijaza kwa mpango. Nilipinga kidogo. Kisha akanionyesha kadi ya harusi aliyoizungushia pambo la mkeka, miraba myeusi na myekundu iliyosukwa, alilolipiga picha sebuleni kwa bibi yake. Karatasi ilikuwa imejaa na ilikuwa imetulia. Nikanyamaza.

Nilimweleza kuhusu *Tribal Crafts of Uganda*, kitabu cha mwaka 1953 cha Margaret Trowell, aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere, na Klaus Wachsmann, chenye mikeka, vikapu na vyungu vya nchi hii. Hakuwa amekisikia, naye hakukihitaji. Mkeka anao.

Njiani kuteremka mpakani niliona kitu ambacho bado nakifikiria. Ukutani palikuwa na bango la zamani la afya, la kuonya juu ya Ebola. Juni 2019 ugonjwa huo ulivuka hapa kutoka Kongo. Mgonjwa wa kwanza, mtoto wa miaka 5, alihamishiwa kwenye kituo cha matibabu cha Bwera. Bango lilikuwa limegeuka buluu lote. Wino mwekundu na wa njano ndio unaotangulia kuungua juani. Buluu na mweusi hudumu. Kwa hiyo mikono inayonawa ilikuwa inaonekana vizuri, maji yanaonekana, lakini pale palipokuwa na maneno ya hatari, makubwa na bila shaka mekundu, palikuwa peupe. Mbunifu alifanya alichofundishwa: hatari ni nyekundu. Hata mimi ningefanya hivyo. Sasa kwenye kila bango la nje, maneno yanayookoa maisha nitayaandika kwa rangi nyeusi.

Soko la Mpondwe, pale mpakani, linajaa watu wanaosema lugha moja kwa majina mawili: upande huu Lhukonzo, upande ule Kinande, na Kiswahili katikati yao wote. Hata mto wa mpaka una tahajia mbili. Uganda huandika Lhubiriha, na ile h baada ya L ni ya watu wa huku, ulimi wao wenyewe. Kongo huandika Lubiriha. Magari yakivuka hubadili upande wa barabara, kutoka kushoto kwenda kulia.

Rafiki yangu alimkuta mama anayemuuzia, kutoka Kongo, amezungukwa na vitenge hadi mabegani. Nilimwomba anionyeshe anachaguaje. Akatandika viwili. Kimoja kilikuwa na maua makubwa ya rangi ya chungwa juu ya buluu nzito. Kingine nukta ndogondogo za kahawia.

"Hii unaiona tangu mbali, mtoto wangu. Hii ni ya kanisa, ya kuingia watu wakuangalie. Ile ni ya karibu. Ni ya mtu mwenye kukaa na wewe."

Kisha akageuza ukingo wa kitambaa na kusoma kwa kidole maandishi madogo yaliyochapwa pembezoni, kuona kama ni Vlisco ya kweli, ile ya Helmond, Uholanzi, inayochapa nguo tangu 1846. Nikakumbuka kanga za mama yangu na maandishi ya "Mali ya Abdulla" kando ya pindo, alama ya mfanyabiashara wa Mombasa. Kanga inasema jina lake waziwazi, chini ya mji, yaani sehemu yake ya katikati, watu wote wasome. Kitenge kinaacha watu wakitunge jina wenyewe sokoni. Nilinunua kile cha nukta, yadi 6, kwa ajili ya mama.

Tulirudi Kasese jioni ya siku ya tatu, taksi imejaa, magunia miguuni. Jua lilikuwa limeshuka na kuta za njano na nyekundu zilikuwa zimeanza kufanana. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu, mwenye mtoto mgongoni, akagonga bodi ya gari.

"Nishushe pale kwa mbuzi."

Kondakta hakuuliza mbuzi gani. Akagonga paa mara mbili, na dereva akasimama mbele ya banda la muchomo.