Mbaazi za nazi kwenye Wikimedia Commons

Ukitafuta picha za Malindi kwenye Wikimedia Commons, lile ghala la picha huru lililoanza mwaka 2004, kinachokujia kwanza ni mnara wa Vasco da Gama, kuta za Gede na ufuo mtupu. Sawa. Lakini wale wanaokwenda huko Jumapili na watoto na vyakula vyao, wako wapi? Picha ya mia ya mnara haituongezei kitu.

Basi mwezi uliopita familia ilipotoka matembezi nilibeba kamera. Kutoka Mnarani tukavuka daraja la Kilifi, tukapanda matatu, tukashuka Gede. Mji huu wa mawe ulihamwa karne nyingi zilizopita, James Kirkman akaanza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Wapwa zangu walivutiwa zaidi na kima. Mama hata msikiti hakuufikia. Alikaa nje ya lango, kivulini, akafungua mahamri na mbaazi, na kima mmoja akaondoka na hamri lake. Hiyo ndiyo picha niliyoitaka! Alasiri tulikuwa ufukweni Malindi, viazi karai na ukwaju, watoto majini na nguo zao.

Usiku, nyumbani, kazi ngumu ikaanza. Mama aliuliza, "Hii yangu ataitumia nani?" Nikamwambia yeyote, hata wa kuiuza, mradi amtaje mpigapicha, na akiibadilisha aitoe kwa leseni ileile. "Na nikikataa mwakani?"

Hapo ndipo penyewe. Leseni ya CC BY-SA 4.0 hairudishwi. Unaweza kuomba faili lifutwe, lakini aliyekwisha kulichukua anaendelea nalo kihalali. Shemeji alisema tuweke zote, tusijifiche wakati wageni wanapiga wapendavyo. Dada akasema wanawe hapana. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, nayo inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto, ila kwangu neno la dada lilitosha. Zenye sura za watoto zikabaki kwenye diski ya nyumbani. Mgongo wa mtoto akikimbilia maji, alikubali.

Kwa mafundi wenzangu: simu na kamera nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na Commons haifuti. Kwa Gede haina neno. Kwa picha za uani petu nilipitisha hii kwanza:

exiftool -gps:all= *.jpg

Mama alikaa kimya muda. Baba tunayo picha moja tu, ya kitambulisho, na ndani yake hata shati halionekani vizuri. Akasema, "Yangu weka. Lakini ile niliyovaa leso vizuri, siyo ile natafuna."

Tangu 2019 Commons inakubali maelezo mafupi kwa lugha yoyote, kwa hiyo nimeandika kwa Kiswahili. Zimepanda 14. Ya mama aliitaja maelezo yake mwenyewe nikiwa nachapa, akanirudisha mara mbili kwa sababu nilisahau kuandika kwamba mbaazi ni za nazi.