Kabla ya Kushika Jeki

Katika kazi ya gereji niliyoifanya umri wangu wote, hakuna ugonjwa wa gari ulionilazimisha kufikiri kama mvumo. Gari lisipowaka, au breki zikigoma, fundi ana pa kuanzia. Mvumo hauna pa kuanzia. Huja gari likifika kasi ya 50 au 60, hupanda kadiri mshale unavyopanda, hujaa gari zima, na abiria wanne watakuonyesha pembe nne tofauti unakotokea. Wala hawasemi uongo, kwa sababu bodi ya gari ni bati moja lililoungwa, na mtikisiko wa gurudumu la nyuma unaweza kusikika chini ya kiti cha dereva. Ndiyo maana nimeshikilia jambo moja na kulifundisha kwa kila kijana aliyejifunza kazi kwangu: mvumo huchunguzwa barabarani, gari likiwa limebeba uzito wake, na spana haiguswi mpaka visivyohusika vimetolewa kwenye orodha kimoja kimoja.

Msingi wa msimamo huu ni hesabu nyepesi. Chukua Toyota Mark II GX100, gari lililozoeleka Dar es Salaam, lenye tairi za 195/65R15. Tairi la namna hiyo likizunguka mara moja, gari husogea karibu mita 2. Kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, gurudumu linazunguka mara 10 kila sekunde. Tuseme difu ina krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10. Propela shafti itazunguka mara 41 kwa sekunde, na meno yatakutana mara 410. Sasa tuseme beringi ya gurudumu ina gololi 13 na pete yake ya nje, ile isiyozunguka, imechimbika sehemu moja. Gololi zitapita juu ya shimo hilo mara 50 hivi kwa sekunde. Mara 50 ni ngurumo nzito inayosikika hadi kifuani, na mara 410 ni sauti nyembamba inayoimba. Propela iliyokosa mizani hutikisa kiti kuliko inavyopiga kelele. Idadi ya meno na gololi hutofautiana toka gari hadi gari, lakini mpangilio unabaki uleule, na sikio lililozoezwa linausikia bila kalamu.

Lakini sikio peke yake halitoshi, na hapa natofautiana na wenzangu wanaojisifu kuitambua beringi gari likiwa bado getini. Sauti lazima iulizwe maswali. Katika barabara iliyonyooka na isiyo na watu, dereva atoe gia, aweke nyutro bila kuzima injini, maana akizima anapoteza msaada wa stelingi na wa breki. Injini ikishuka kwenye sailensa na mvumo ukabaki vilevile, injini na mikanda yake haihusiki. Kisha arudishe gia, akanyage mafuta, aachie, halafu ashikilie mwendo bila kuvuta wala kuzuia. Difu iliyochakaa haivumilii zoezi hili: hulia ikivuta na kunyamaza ikiachiwa, au kinyume chake, kwa sababu meno yanabadilisha upande yanakokandamizana. Tairi na beringi ya gurudumu hazijali sana mguu wa dereva, ila beringi inajali uzito. Gari likikata kushoto kidogo, uzito unahamia kulia, na mvumo ukiongezeka hapo, naanza kushuku upande wa kulia. Si sheria isiyovunjika. Beringi nyingi za siku hizi zina safu mbili za gololi, na mara nyingine safu iliyoumia ni ile inayobanwa kona inapokwenda upande mwingine. Jibu la jaribio hili ni ushahidi mmoja, na ushahidi mmoja haumfungi mtu.

Tairi ndilo ninaloanza kulishuku, na nina sababu. Kulichunguza hakugharimu kitu, na ndilo linalosababisha beringi nzima nyingi zitupwe. Pitisha kiganja juu ya tairi taratibu kwenda mbele, kisha rudisha nyuma. Kama upande mmoja mkono unateleza na upande mwingine kingo za mpira zinakwaruza vidole mithili ya msumeno, alaimenti imekaa vibaya muda mrefu na tairi limejichonga. Ukikuta mabonde yanayofuatana, mpira umeliwa hapa na kuachwa pale, tazama shokapu. Tairi la namna hiyo huvuma kwa sauti inayofanana sana na beringi, ila hubadilika lami inapobadilika: kwenye lami mpya laini hutulia, kwenye lami ya kokoto hukoroma. Beringi mbovu haijui tofauti ya lami. Shaka ikibaki, hamisha tairi za mbele ziende nyuma upande uleule, urudi barabarani. Mvumo ukihama, jibu limepatikana kwa spana ya magurudumu tu.

Wapo mafundi, tena hodari, wanaosema haya yote ni kupoteza mafuta: liinue gari kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, litikise, utajua. Kutikisa kunaonyesha beringi iliyolegea. Lakini beringi inaweza kunguruma muda mrefu kabla haijalegea, na gari likiwa juu ya jeki uzito ule unaoifanya ilie umeondoka. Jeki naithamini kwa kuthibitisha nilichokwisha kukishuku. Weka vidole vya mkono mmoja juu ya springi, zungusha gurudumu kwa mkono wa pili: beringi iliyochimbika hutuma mtetemo mdogo wa mchanga kwenye koili, na vidole huupata hata pale sikio lisiposikia kitu. Anayezungusha kwa injini aweke stendi imara chini ya gari, na akumbuke kwamba kwenye difu ya kawaida, gurudumu moja likisimama, la pili hukimbia mara mbili ya kinachosomwa kwenye mshale.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa: beringi si ghali, badilisha tu uone. Anayesema hivyo anasahau jinsi beringi inavyotoka. Ile iliyoingizwa kwa preshi haitoki salama. Nguvu ya kuitoa hupitia kwenye gololi zenyewe na kuziumiza, kwa hiyo ukiitoa nzima ili uitazame tu, umeshaiua. Mpya nayo ikipigiliwa kwa nyundo, au ikasukumwa kwa pete isiyo yake, inapata vidonda kabla gari halijatoka gereji, na mteja anarudi na mvumo uleule. Zile zenye sumaku ya ABS kwenye sili zikigeuzwa, taa inawaka kwenye dashibodi. Difu ni mbaya zaidi. Krauni na pinioni huuzwa pamoja kwa sababu zimelinganishwa pamoja, na pinioni ikifunguliwa kukaza kwake lazima kupimwe upya, la sivyo difu iliyokuwa kimya inaanza kuimba. Mteja ndiye anayelipia kubahatisha huko kote.

Kwa wanaotegemea mashine ya kupimia jibu ni fupi. Mashine inasoma vihisio, na hakuna kihisio kinachosikiliza gololi. Itataja gurudumu pale tu sumaku au kihisio cha ABS kimeharibika.

Linabaki suala la nani alipe muda wa kwenda barabarani, na hapa naona sisi mafundi ndio tuliowazoesha watu vibaya kwa kutoza vyuma na kugawa akili bure. Uchunguzi ni kazi, na nautoza hata nisipobadilisha kitu, hata jibu likiwa kwamba tairi limejichonga na linaweza kuendelea kutumika mpaka liishe, mradi alaimenti irekebishwe. Ninachompa mwenye gari ni stakabadhi iliyoandikwa kasi mvumo ulipoanza, ulivyofanya kwenye nyutro, kwenye kona na kwenye lami mbili tofauti, na vitu gani vimeshaondolewa kwenye shaka, ili fundi atakayelipokea baada yangu aanzie nilipoishia.