Goma: Fundi wa umeme na daftari lake la siku 22

Ni daftari la shule la kawaida, lenye jalada la rangi ya bluu lililochakaa pembeni. Ndani yake hamna hesabu wala imla. Kila mstari una tarehe, jina la mtaa, na kazi iliyofanyika: "Majengo, kubeba nguzo 2." "Ndosho, kukata matawi kwenye waya." "Mugunga, kuchimba, mvua, turudi saa kumi." Mwenye daftari alifanya kazi miaka saba kwenye kampuni moja ya umeme ya hapa Goma bila kuwa na karatasi nyingine yoyote inayosema kwamba anafanya kazi pale.

Mke wake alikuwa akimcheka. "Unaandika kama mwalimu, na mshahara hauandikwi popote." Lakini mwezi wa pili 2024, vita vilipofika Sake na watu wakamwagika kwenye barabara ya Goma, yeye mwenyewe ndiye aliyelichukua lile daftari. Walibeba godoro moja, sufuria mbili, blanketi, na mfuko wa plastiki wenye daftari na karti za uchaguzi. Mtoto wa mwisho alikuwa bado tumboni. Chukudu ya jirani ilibeba godoro na watoto wawili wadogo, wengine wakatembea mpaka Bulengo.

Kila asubuhi, kutoka kambini, baba huyo alikuwa akienda kusimama mbele ya lango la kampuni saa kumi na mbili na nusu. Wanaoishi Goma wanajua hayo malango. Kunakuwa vijana ishirini, thelathini, wengine na mfuko wa mandazi mkononi. Mkubwa wa kazi anatoka na kuhesabu kwa kidole: wewe, wewe, wewe na wewe. Waliobaki wanarudi nyumbani au wanaenda kutafuta mzigo Birere. Hao ndio wanaoitwa jurnalie, wafanyakazi wa siku. Leo uko mfanyakazi, kesho uko mpita njia.

Kazi yao si ndogo. Wanachimba mashimo kwenye mawe ya volkano, na kila aliyewahi kuchimba choo Goma anajua maana yake. Wanavuta waya, wanasimamisha nguzo, wanashika ngazi, na siku mafundi wakiwa wachache wanapanda wenyewe. Glovu zilikuwa jozi mbili kwa watu wanane.

Aliyemfundisha kazi ni mzee mmoja fundi ambaye wote wanamwita Shefu. Huyo alijifunza zamani, wakati ambapo SNEL ndiyo peke yake ilikuwa na haki ya kuuza umeme katika nchi nzima. Shefu hakuwa na darasa wala ubao. Alifundisha chini ya nguzo, kwa vidole vitano. Kwanza, kata umeme. Pili, funga pale ulipokatia kwa kufuli na uweke kibao, ili mtu mwingine asije akaurudisha. Tatu, pima uone kama kweli haupo, usiamini neno la mtu. Nne, unganisha waya zote pamoja na uzipeleke ardhini. Tano, zungushia mahali pa kazi alama ili watoto na wapita njia wasiingie.

Kidole cha nne ndicho vijana walichokuwa wanakiruka. Kama umeshakata, kwa nini upoteze robo saa ukifunga waya ardhini? Shefu alikuwa akiwajibu kwa kuwaonyesha mtaa. "Sikilizeni." Na walisikia: jenereta hapa, jenereta pale. Mtu akiwasha jenereta yake bila kuweka swichi ya kuitenga nyumba na laini ya mji, umeme wake unatoka nje, unarudi kwenye transfoma kwa mlango wa nyuma, na transfoma inaupandisha mpaka maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo amekata umeme wa kampuni, lakini hajakata jenereta ya mwenye baa. Kinachomwokoa ni ule waya wa ardhini tu. Msikilizaji mwenye jenereta nyumbani aitazame swichi yake leo hii, kabla ya jambo lingine lolote.

Siku moja ya mvua, kundi lilikuwa na haraka na kidole cha nne kikarukwa. Kijana mmoja jurnalie, rafiki wa mwenye daftari, aliungua mikono yote miwili. Hakufa. Walimbeba kwa motokari ya kampuni mpaka hospitali, na hapo ndipo swali likaanza: nani analipa? Kwa mfanyakazi mwenye mkataba, sheria iko wazi. Mwajiri anapaswa kumtunza anapougua au anapoumia, yeye pamoja na familia yake, na ajali ya kazini inapelekwa kwenye CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambako mwajiri anatoa mchango kila mwezi kwa ajili ya watu wake. Lakini huyu kijana hakuwa kwenye orodha yoyote. Wenzake walizungusha kofia. Kampuni ilitoa kitu kidogo na ikakiita msaada, neno zuri ambalo maana yake ni kwamba hatudaiwi. Vidole vitatu vya mkono wa kuume havikunjiki tena.

Mwenye daftari aliandika siku ile kama siku nyingine: tarehe, mtaa, "ajali".

Ilikuwa miezi kadhaa baadaye, kambini Bulengo, alipomsikia kwenye redio ya simu inspekta mmoja wa kazi akijibu maswali ya wasikilizaji. Inspekta alisema kwamba Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 haimruhusu mwajiri kumweka mtu kuwa jurnalie maisha yake yote. Mtu wa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, halafu mwajiri akamchukua tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, basi kwa sheria huyo amekwisha kuwa mfanyakazi wa mkataba usio na mwisho, hata kama hakuna aliyemwandikia. Mke ndiye aliyeruka kwanza. Akatoa daftari ndani ya mfuko wa plastiki, wakaanza kuhesabu kwa tochi. Miezi miwili ya kwanza waliyoishika ilikuwa na siku 31. Iliyofuata, 27.

Kuwa na haki ni jambo moja, na kuingia ofisini nayo ni jambo lingine. Alivaa shati la kuazima. Msimamizi wa wafanyakazi, mama mmoja mpole wa maneno, alipitisha kurasa moja baada ya nyingine na kumwambia, "Papa, hili umeandika wewe mwenyewe." Na kweli, nani angekubali daftari la mdaiwa kuwa ushahidi? Lakini yule mama hakumfukuza. Alisema kuna fishi za safari za motokari, zinazoonyesha kila siku gari lilikwenda mtaa gani, na zinatiwa sahihi na mkuu wa kundi. Kama tarehe na mitaa vitalingana, na mkuu wa kundi akakubali kwamba mtu huyu alikuwapo, atapeleka faili juu.

Mkuu wa kundi alikuwa Shefu.

Shefu alikuwa amebakiza miaka mitatu kufika umri wa kustaafu. Kutia sahihi kulikuwa ni kusema kwa maandishi kwamba kwa miaka alipandisha watu nguzoni bila mkataba, akijua. Ni kujishitaki na kuwashitaki wakubwa wake. Kwa wiki nzima hakujibu. Asubuhi langoni alimhesabu mwenzake kwa kidole kama kawaida, bila kumtazama usoni. Mke wa Shefu ndiye anayesimulia kwamba mzee hakuwa akila usiku. Siku ya nane alitia sahihi, si kwa mtu mmoja tu. Alitia kwa wanne.

Watu wengi wakisikia kampuni inasema "tunawajali wafanyakazi wetu" wanafikiria sherehe ya mwaka mpya, fulana yenye alama ya kampuni na hotuba. Katika nyumba hii, kujaliwa kulianza na vitu vya kushikika. Kulikuja glovu za kipimo chake, buti, kofia ngumu na mkanda wa kupandia. Ikaja karti ya matibabu yenye majina ya mke na watoto, na mara ya kwanza mke alipoitumia, kwa homa ya mtoto, alitoka hospitalini akiwa bado na pesa ya mboga mfukoni na akashangaa. Mshahara ukawa unaingia kwenye simu tarehe inayojulikana, kwa hiyo mwenye duka akakubali kumkopesha unga.

Halafu yakaja mafunzo, wiki tatu. Mwajiri kwa sheria anatoa pia mchango wa kufundisha watu, ule unaokwenda kwa INPP, taasisi ya taifa ya kutayarisha wafanyakazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Ni waajiri wachache wanaowaambia watu wao kwamba pesa hiyo ipo. Mwanafunzi wetu alifurahi, kisha akaogopa, kwa sababu masomo yalikuwa kwa Kifaransa na yeye aliishia mwaka wa nne wa shule ya msingi. Siku mbili za kwanza aliandika maneno asiyoyajua kwa herufi za kukisia. Mwalimu aliliona daftari lake, na kuanzia siku ya tatu, kila baada ya somo, alirudia yote kwa Kiswahili. Darasa likaamka. Hata wenye diploma waliuliza maswali ambayo walikuwa wameyameza. Ajali inapotokea juu ya nguzo hakuna anayepiga kelele kwa Kifaransa cha kitabu; watu wanalia "Shuka! Achia!" Kama hatari inakuja kwa Kiswahili, kinga nayo ingefaa ifundishwe kwa Kiswahili. Hilo halihitaji pesa za mfadhili.

Siku ya mwisho walipandisha gunia la mchanga lenye uzito wa mtu, wakalifunga kwenye nguzo na mkanda, na kila mmoja alipaswa kupanda na kuliteremsha kwa kamba bila kuliangusha. Yeye aliliangusha mara ya kwanza. Mara ya pili liliteremka polepole kama mtoto anayelazwa.

Wapo wakubwa wanaosema kufundisha ni hasara, kwa kuwa fundi akishajua anahamia kwa mwingine. Ni kweli wanahama. Tangu sheria ya mwezi wa sita 2014 ilipofungua biashara ya umeme, Goma imekuwa na wauzaji zaidi ya mmoja. SNEL inaleta umeme wa Ruzizi kupitia Bukavu, Virunga Energies inaleta ule wa Matebe huko Rutshuru, megawati 13.8 tangu mwaka 2015, na Nuru ilianza mwaka 2020 na umeme wa jua, megawati 1.3. Wote wanatafuta mikono ileile. Lakini fundi asiyefundishwa hahami, anabaki. Anabaki na kurukaruka vidole vya Shefu, na laini ya mtaa mzima inakaa mikononi mwake.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, Goma ilikaa gizani na mabomba yakakauka, kwa sababu pampu zinazovuta maji ya ziwa zinataka umeme. Watu walishuka na bidoni mpaka ziwani. Risasi zilipopungua kampuni iliwaita mafundi. Zamani angekwenda bila kuuliza, maana kutokwenda ni kutokula. Safari hii mkubwa alisema mbele ya wote kwamba anayeogopa anaweza kubaki na mshahara wake hautaguswa. Wawili walibaki. Hakuna aliyewacheka.

Yeye alisema atakwenda, lakini aliomba kwanza kuona faili lake. Wakamfungulia. Pale kwenye watoto palikuwa pameandikwa 3, na nyumbani wapo 4. Yule aliyezaliwa Bulengo hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Akamwomba yule mama wa ofisi aandike jina la nne kwa kalamu, kwa muda, na kutia muhuri kando yake. Mama akaandika. Ndipo akapanda motokari. Shefu alikuwa mbele, na ule waya wa ardhini ulikuwa juu ya magoti yake.

Walirudi wote jioni. Banki zilikuwa zimefungwa na mshahara wa mwezi ule ulichelewa, ukaja nusu, kisha nusu nyingine. Kambi ya Bulengo ilivunjwa, na sasa familia inapanga chumba kimoja Ndosho. Cheti cha mtoto bado hakijapatikana.

Anaendelea kuandika. Daftari la pili limefika katikati. Juma lililopita yule rafiki aliyeungua, ambaye siku hizi anachajia watu simu karibu na soko la Birere, alikuja jioni na kuomba walifungue lile la kwanza. Alitaka kujua kama jina lake limo. Walikaa mlangoni ambako bado kulikuwa na mwanga, mke akisoma, wao wakihesabu. Kwa miezi miwili iliyotangulia ajali, jina lake linaonekana mara 19. Kurasa mbili za katikati zilikunywa maji njiani kutoka Sake na hazisomeki. Kesho yake asubuhi walikwenda pamoja kumtafuta Shefu, kumwuliza zile fishi za motokari zimewekwa wapi.