Chini ya Mlima Hanang

Msafiri atokaye Singida kwenda Babati hukaa na Mlima Hanang machoni kwa muda mrefu. Umesimama peke yake, takriban mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na miguuni pake umelala mji wa Katesh.

Allah (s.w.) ameujaalia mlima huu sababu zake. Gamba la ardhi lilipovutwa pande mbili na kufanya Bonde la Ufa, uji wa mawe ulipenya katika nyufa, ukamwagika tabaka juu ya tabaka pamoja na majivu. Moto ulizimika zamani, kazi ikabaki kwa mvua. Maji huteremka kwa kasi na kuchimba makorongo, na miamba ya volkano iliyochakaa hugeuka udongo laini wenye rutuba. Rutuba hiyo ndiyo iwavutayo wakulima; na udongo huohuo, ukishiba maji, hauna tena nguvu ya kujishikilia.

Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki, Allah awarehemu. Nilipopita huko, kilichonishughulisha zaidi ni mawe. Yako ambayo wanaume kumi hawayasogezi, nayo yalibebwa na tope kama magunda ya mahindi.

Mzee mmoja aliniambia kuwa kadari haizuiliki. Ni kweli, na hiyo ni nguzo ya imani yetu. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Kujenga mdomoni mwa korongo kwa kuwa kiwanja ni cha bei nafuu sikuoni kuwa tawakkul. Nasi wa kamati za misikiti tusijitoe: viwanja vya wakfu vya namna hiyo huletwa kwetu, nasi huvipokea kwa shukrani na kuanza kuchangisha fedha za madrasa kabla ya kuuliza maji ya masika hupita wapi.

Mlima aghalabu hutoa dalili. Nyufa mpya mteremkoni, miti iliyoanza kuinama, mto unaopungua ghafla ilhali mvua ingali inanyesha, au ngurumo isiyokoma kutoka juu: lolote kati ya haya latosha kuwaamsha watoto. Anayekimbia asiteremke kwa kufuata korongo. Apande pembeni, mbali na njia ya maji, hata kama mbuzi wamebaki zizini.